Mamangu aliuliza swali moja tu kuhusu hisa

Juzi tulikuwa ndani ya feri tunavuka kutoka Likoni, mimi na mwanangu wa pili, joto lile la kawaida na watu wamebanana, yeye kashika simu anabonyezabonyeza, nami nikajua anachati tu na wenzake. Hatujafika ng'ambo akaniambia, "Mama, nshanunua." Umenunua nini? Akasema hisa za Safaricom, tatu. Nikasikia mia tatu. Akasema la, tatu, moja mbili tatu, manake tangu Agosti 2025 soko la Nairobi limeruhusu mtu kununua hata hisa moja, zamani ilikuwa lazima uanzie mia.

Sikumjibu kitu. Nlikuwa nakumbuka 2008, foleni ya benki ile hisa zile zile zilipouzwa mara ya kwanza, jua limetuchoma, mafomu mkononi. Kwa hiyo nimekaa nikaona niyaandike haya, kwa sababu naona watu wanasema siku hizi wawekezaji wadogo tumeerevuka na zamani tulikuwa wajinga, na mimi niliyeyapitia naona mambo hayako hivyo hasa. Kilichobadilika zaidi ni lile swali mtu anajiuliza kabla ya kuitoa pesa yake mkononi.

Nianze na babangu Mungu amrehemu. Alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi sana, na miaka ya 1980 alinunua hisa za Bamburi, kampuni ya simiti, 600. Mtu wa kawaida tu, si tajiri, ila alikuwa akisema ile simiti anaiona, ukipita barabara ya kwenda Malindi unaliona bomba linatoa moshi, unaona malori, unaona kila nyumba inayosimama Kisauni imejengwa nayo. Zile hati za hisa alizitia kwenye bahasha ya khaki, bahasha kaiweka chini kabisa ya sanduku pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ndoa. Bei alikuwa akiisoma gazetini barazani, bei ya jana au juzi, na akishasoma analikunja gazeti anaendelea na kahawa yake, simkumbuki hata siku moja kusema leo nauza. Kwake yeye swali lilikuwa moja, karatasi iko wapi na nani anaishika.

Ndiyo maana zilipokuja zile akaunti za CDS, mwisho wa 2004 huko, ikawa karatasi zinapelekwa kwa broka ziingizwe kwenye kompyuta, alitaabika sana. Nilikwenda naye mwenyewe, ofisi moja ya broka mjini, ghorofani, mzee kavaa kanzu na kofia yake ya vito kama anakwenda harusini. Yule kijana wa kaunta akaichukua bahasha, akazitoa hati moja moja, akazipiga muhuri, akaziweka kwenye trei. Babangu mkono wake bado uko juu ya kaunta, hajauondoa. Akauliza, "Mwanangu, hizi nitarudishiwa?" Kijana akamwambia kwa adabu kabisa, hapana mzee, sasa ziko kwenye mtambo, utakuwa ukiletewa taarifa ya akaunti. Tuliposhuka ngazi aliniambia twende tukatafute fotokopi, nikamwambia baba hati zenyewe tushaziacha juu, akasimama pale pale kwenye ngazi, akarudi juu kuomba afanyiwe kopi. Walimfanyia. Kopi zile akazirudisha kwenye bahasha ileile, na nadhani mpaka anakufa 2011 aliamini hisa zake ziko sandukuni.

Mamangu yeye hakuwa na habari na hisa. Mali yake ilikuwa dhahabu, bangili na pauni za masikioni, anahesabu kwa tola, na kila mkubwa wa nyumba yetu kuna bangili moja iliyouzwa kwa ajili ya karo yake. Lakini yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi limenichukua karibu miaka ishirini kulielewa.

Mwaka 2006, KenGen. Serikali iliuza sehemu ya hisa zake kwa wananchi kwa shilingi 11.90, na ghafla mji mzima unazungumza hisa. Mimi nina duka dogo la leso Biashara Street, na nawaambia pale hata wateja waliokuja kutafuta doti ya arusi walikuwa wakiulizana umejaza fomu? Nami nikajaza. Nimekaa sebuleni naandika, mamangu yuko mkekani anachambua mchele, akauliza, "Hiyo pesa ikifika huko, itafanya kazi gani?"

Alikuwa na wasiwasi wa riba, hakuwa na jingine. Nikamwambia mama hawa ni watu wa kutengeneza stima, si unaijua mitambo ya Kipevu, ndio hao. Akasema, "Ah, basi hiyo ni biashara," akarudi kwenye mchele wake.

Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni zikapaa mpaka karibu shilingi 40 siku zile za mwanzo. Na hapo ndipo tulipoharibika, nasema tulipoharibika kwa maana ninayoijua, kwa sababu yule mtu aliyeweka elfu kumi akaona imekuwa zaidi ya elfu thelathini ndani ya mwezi hawezi tena kukaa na subira ya babangu. Swali likabadilika pale pale. Hakuna aliyeuliza kampuni inafanya nini, kila mtu anauliza itaongezeka mara ngapi? Tukaanza kudhani hisa ya serikali ikitoka ni lazima ipande, kama maji yanavyojaa na kupwa. (Hiyo KenGen mwaka 2023 ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 3, na stima ilikuwa ikitoka vile vile.)

Na wakati ule ule ndipo yale mashirika ya kupanda mbegu yalipoenea Kenya nzima, weka elfu tano upate elfu ishirini baada ya miezi michache, na mengine yalivaa sura ya dini ili watu wayaamini. Kakangu aliweka elfu ishirini. Mamangu akamuuliza swali lile lile, hiyo pesa itafanya kazi gani huko? Kaka akasema wanaizungusha. Inazungushwa wapi? Inazungushwa tu mama. Mamangu alinyamaza. Mwaka 2007 ofisi ilikuwa imefungwa kufuli na watu wamekaa nje kwenye vibaraza, wengine wanalia, kuna mama mmoja muuza maandazi nilimwona kwa macho yangu kashika risiti yake kama ameshika mtoto. Ilinipita hii bila kunifundisha chochote. Nilisema moyoni, kaka kadanganywa na matapeli, mimi niko kwenye soko halali.

Sasa 2008. Nchi imetoka kwenye ghasia za uchaguzi, biashara imekufa Januari na Februari yote, halafu mwisho wa Machi inafunguliwa hii ya Safaricom, hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja, kima cha chini hisa 2,000 yaani elfu kumi. Nafikiri ilikuwa pia kiu ya jambo zuri, watu walikuwa wamechoka na habari za kuuana, na hapa kuna kitu ambacho Mkikuyu na Mjaluo na Mdigo na Mswahili wote wamepanga foleni moja wanakitaka. Nlisimama siku mbili. Ya kwanza sikufika mlangoni. Watu walibeba vigoda vya kukalia, walishikiana nafasi, wazee walipishwa mbele, mwengine anakupa maji hakujui.

Nlikuwa na elfu 40 zangu. Nikachukua elfu 60 za chama nikafanya laki moja. Chama chetu hakina riba, unachukua unarudisha ndani ya muda, mradi mwenye zamu asikwame. Nikaomba hisa 20,000. Sikumwambia mamangu kuhusu zile 60.

Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne. Nikapata chini kidogo ya robo ya nilizoomba, hisa 4,200 na kitu, na pesa iliyobaki ilitakiwa irudishwe. Hundi haikuja wiki ile, haikuja wiki ya pili. Na mwenzetu mmoja kwenye chama ndiye aliyekuwa na zamu, ana harusi ya bintiye, akawa ananipigia simu kwa upole, kwa upole ule unaokuumiza zaidi ya matusi, "Shoga yangu, bado?" Harusi ikafanyika kwa deni la dukani. Sisi mpaka leo tunazungumza vizuri lakini mimi nikimwona yule bibi arusi, sasa ana watoto watatu, huwa naikumbuka hundi ile.

Juni 9 hisa zikaanza kuuzwa. Zikaenda saba na kitu, watu wakashangilia, halafu zikaanza kuteremka taratibu. Huko Marekani mabenki yanaanguka, wageni wenye pesa kubwa wanauza kila mahali ili wapate pesa taslimu, hata sisi huku ambao hatukuwa na nyumba za mkopo Marekani likatufikia. Kufikia mwanzo wa 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Mimi niliuza ilipopita pale 3.20. Nilipata elfu 13 na kitu kwa kitu nilichonunua elfu 21. Nilikuwa nataka tu nisiione tena.

Nitawapa hesabu kamili, sitaki kuizunguka. Agosti 2021 hisa ile ile ilifika zaidi ya shilingi 44. Zile 4,200 zangu zingekuwa zaidi ya laki moja na elfu 80, mbali na mgao wa faida wa kila mwaka. Na kinachoniuma si hizo pesa tu. Mamangu angeniuliza pesa ile inafanya kazi gani ningemjibu vizuri kabisa, M-Pesa ya Safaricom ilikuwa imeanza 2007, nlikuwa naiona kila siku dukani kwangu, wateja wa Lamu na Kwale wananitumia pesa ya leso kwa simu badala ya kumpa dereva wa basi. Jibu nlikuwa nalo mkononi. Nikauza kwa sababu swali langu mimi lilikuwa itaongezeka mara ngapi, na jibu la swali hilo mwaka 2009 lilikuwa inapungua.

Halafu yakaja ya mabroka. Miaka ile kampuni kadhaa za udalali wa hisa zilianguka na kuwekwa chini ya usimamizi, sitaji jina la yoyote. Jirani yangu wa duka la tatu alikwenda kuuliza hisa zake akaambiwa zimeuzwa, na yeye hajatia saini popote. Kulikuwa na mfuko wa fidia wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji lakini kima chake cha juu kilikuwa shilingi elfu 50 kwa mtu, na alichopoteza ni zaidi. Yule mzee alinunua kiwanja Mtwapa na hataki kusikia neno hisa mpaka leo. Wengi walifanya hivyo. Ukiuliza kwa nini watu wa Pwani wanapenda ardhi na nyumba za kupangisha utaambiwa ni mila, mimi naona nyingine ni kidonda tu.

Na kuna jambo la dini ambalo waandishi wa uchumi wa Nairobi huwa hawalioni. Sisi hapa mtu anaweza kuwa na pesa na asiwe na pa kuiweka kwa sababu ya riba. Mwaka 2008 zilipofunguka Gulf African Bank na First Community Bank, benki za kufuata sharia, wazee ambao walikuwa wanaweka pesa chini ya godoro waliingia benki mara ya kwanza maishani. Mwaka 2017 ikaja M-Akiba, bondi ya serikali, yaani unaikopesha serikali, ya kununua kwa simu kuanzia shilingi 3,000, inalipa riba ya asilimia 10, jambo jipya kabisa na zuri kwa mtu mdogo, lakini mtaani kwetu wengi hatukuigusa. Vile vile Februari 2024, ile bondi ya miundombinu ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi, serikali ilitaka bilioni 70 ikaletewa zaidi ya bilioni 288! Wenzangu wasio Waislamu hapo Biashara Street waliuza hata magari kuingia. Wanapata pesa yao kila miezi sita na nawafurahia, wamefanya hesabu yao. Mimi nilikaa nje na silalamiki.

Ila nlijifunza kitu kwa kukaa nje. Kuangalia riba kulitulazimisha sisi kuuliza ndani kuna nini, na hilo ndilo swali la mamangu. Vijana wa sasa wengi wana ile mifuko ya soko la fedha (money market), ya kuweka kwa simu, na ni jambo zuri, kijana wa bodaboda anaweka mia mbili kila jioni, zamani hilo halikuwezekana kabisa. Lakini ukimuuliza pesa yako iko wapi sasa hivi anasema iko kwenye app. Haiko kwenye app, mwanangu. Sehemu kubwa imekopeshwa serikali kwa muda mfupi na nyingine iko benki. Siku hizi kuna na mifuko ya kufuata sharia, na hiyo pia nenda uulize imeweka wapi.

Swali lao wao ni naweza kuitoa lini. Hilo ndilo la kwanza kabisa, kabla ya faida. Kijana akisikia bondi ya miaka minane anakushangaa. Na sitaki kuwalaumu, wamekulia wakati wa corona, wameona kazi inaisha kwa ujumbe wa simu, wameona wazazi wao tumefungiwa pesa na watu waliofunga ofisi. Kutaka kuitoa pesa saa yoyote ni woga wa haki. Nyumba yetu hofu hiyo ina historia.

Lakini woga huo una gharama yake. Mpwa wangu, mtoto wa yule kaka wa kupanda mbegu, aliingia Bitcoin 2021 ikiwa juu huko, Novemba mwaka ule ilikaribia dola 69,000, mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya dola 17,000. Alikuwa akiangalia simu usiku wa manane, mkewe ndiye aliyenipigia, ati shangazi huyu halali. Nikaenda. Nikamkuta kitandani uso umemulikwa na simu, kila dakika anavuta chini aone bei mpya. Nikaketi ukingoni pale nikamwambia babu yako alikuwa akiiona bei mara moja kwa wiki, gazetini, akikunja gazeti imekwisha. Akaniambia, "Shangazi, na wewe je, si uliuza?" Nikamwambia ndiyo, niliuza kwa 3.20. Tukakaa kimya wote wawili. Mimi nilikuwa na foleni, nilikuwa na watu wa kunipa maji na chama cha kunidai, aibu yangu ilikuwa na majirani. Yeye alikuwa peke yake na kile kioo saa nane usiku, na hilo ndilo badiliko lililonihuzunisha kuliko yote. Alitoa iliyobaki baadaye, akanunua tuktuk.

Basi nirudi kwa Bamburi. Baba alipofariki tulipitia kwa Kadhi, hisa tukaziacha chini ya kaka mkubwa kama msimamizi, mgao ukija tunamkabidhi mama. Hakuna aliyezigusa. Hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuuza kitu ambacho mzee alikirudia ghorofani kukifanyia kopi. Halafu 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ikaja kuinunua Bamburi, ikatoa shilingi 65 kwa kila hisa, wenye hisa karibu wote wakakubali na sisi tukakubali. 600 mara 65, elfu 39.

Tukagawana kwa mirathi, mama thumni yake shilingi 4,875, ndugu zangu wawili wa kiume 11,375 kila mmoja, mimi na dada 5,687 na nusu. Si pesa kubwa. Ukijumlisha migao ya miaka zaidi ya thelathini ni hadithi nyingine, ile ndiyo ilinunua mabati ya nyumba ya Kisauni, na hilo nalijua kwa sababu nilikuwepo yalipopigwa misumari.

Nilimpelekea mama fungu lake mkononi, noti, kwa sababu hawezi kuiona simu vizuri sasa. Alizihesabu polepole. Akauliza zimetoka wapi, nikamweleza, zile za baba za simiti zimenunuliwa. Akafikiri kidogo.

"Na kiwanda kimefungwa?"

"Hapana mama, kinaendelea. Wenyewe ndio waliobadilika."

"Bado wanatengeneza simiti?"

"Bado."

Akazifunga noti kwenye pindo la leso, akaniambia nikalete lile sanduku. Bahasha ya khaki bado ilikuwa chini pale, na kopi ndani yake, zimegeuka rangi ya chai. Nilimuuliza nizitupe? Akasema ziache.